Mji Uliochorwa kwa Waenda kwa Miguu

Dodoma ni mji uliochorwa kwa ajili ya mtu anayekwenda kazini kwa miguu. Najua kwamba msomaji aliyebanwa leo asubuhi ndani ya daladala iendayo Mtumba, huku jua likimchoma machoni kupitia kioo cha mbele, ataniona nimeota. Lakini jambo hili si ndoto wala si maneno ya barazani. Lilichorwa, likapigwa chapa, likapitishwa mwaka 1976, na baadhi ya mistari yake bado inaonekana ardhini kwa mtu anayejua pa kuitafuta.

Siku hizi ofisi nyingi zimeingia katika harakati za kutunza mazingira. Kuna kamati, kuna fulana, kuna siku ya kupanda miti, na mara moja moja kuna barua ya kuwahimiza watumishi waache magari nyumbani, watembee au wapande baiskeli, kwa faida ya afya zao na ya hewa. Sina ugomvi na barua hizo. Nimesaidia kuandika mojawapo. Ninachotaka kusema ni kwamba swali la mtumishi kufika kazini kwa miguu au kwa gari haliamuliwi na barua. Huamuliwa miaka mingi kabla, siku ile mtu anapoweka kidole juu ya ramani na kusema: ofisi ziwe hapa, na nyumba za wafanyakazi ziwe kule. Katika nchi yetu sijui mahali pa kulisoma somo hilo vizuri kuliko Dodoma, maana hapa kidole hicho kimewekwa mara mbili, mahali pawili tofauti.

Mara ya kwanza ilikuwa baada ya Oktoba 1973. Mwezi huo chama cha TANU, kikiwa kimekwisha kuyauliza matawi yake nchi nzima, kiliamua kwamba makao makuu ya serikali yahame Dar es Salaam na kuja Dodoma, na kwamba kazi hiyo iishe katika miaka kumi. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo hata siku inakufa hakuna aliyeiita kwa jina hilo refu. Sote tuliiita CDA. Mkurugenzi Mkuu wake katika miaka hiyo ya mwanzo alikuwa George Kahama. CDA ikaajiri kampuni ya wapangaji miji kutoka Toronto, Kanada, iliyoitwa Project Planning Associates, na mwaka 1976 ukatoka Mpango Kabambe wa makao makuu mapya.

Mpango huo unastahili kusomwa hata na mtu asiye mtaalamu. Waliouandika walikataa tangu mwanzo kujenga mji wa fahari, wenye majumba ya kutisha na barabara pana za kupitisha gwaride. Walianza na kitu kidogo kabisa ambacho kila Mtanzania wa wakati ule alikifahamu, yaani nyumba kumi. Nyumba kumi kadhaa zikafanya mtaa, na mitaa kadhaa ikafanya jumuiya yenye shule yake, zahanati yake na soko lake, vyote mahali ambapo mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kufika bila kupanda chombo chochote. Njia za miguu na za baiskeli zilitengwa na barabara za magari. Jumuiya moja iliunganishwa na nyingine kwa barabara ya mabasi peke yake. Kitovu cha serikali, yaani wizara na ofisi kubwa, kiliwekwa kando tu ya mji wa zamani, upande wa mashariki, ili karani anayekaa mjini awe jirani na meza yake. Na katikati ya vyote hivyo ilipita mikanda ya miti na mabonde ya kijani, ya kuzuia upepo na vumbi.

Barabara ya mabasi peke yake! Wakazi wa Dar es Salaam waliipata mwaka 2016, wakaiita mwendokasi, tukaishangilia wote kama kitu kipya chini ya jua. Dodoma ilikuwa nayo kwenye karatasi miaka arobaini kabla.

Wala tusidhani kwamba wataalamu wale walikuwa wanaharakati wa mazingira kwa maana ya leo. Neno lenyewe halikuwa midomoni mwa watu. Walipiga hesabu tu. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1973 na mwanzo wa 1974 bei ya mafuta duniani ilipanda karibu mara nne, na nchi isiyochimba mafuta, yenye fedha kidogo za kigeni, haikuweza kujenga makao makuu yanayokunywa petroli kila siku ya kazi. Tena watumishi wenyewe hawakuwa na magari. Mji uliopangwa kwa gari ungekuwa mji wa wakurugenzi peke yao, na wengine wote wangekuwa watu wa kusimama kando ya barabara. Hofu ya mafuta ilikuwa ya kweli. Wazee wenzangu wanakumbuka miaka ile, ya mwisho wa 1970 na mwanzo wa 1980, magari ya watu binafsi yalipozuiwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana bila kibali.

Kulikuwa na sababu nyingine, ya siasa. Kutembea wakati ule kulikuwa ni tendo lenye heshima ya pekee. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Vijana kila pembe ya nchi wakafanya matembezi yao ya mshikamano, na mmoja wao, Seth Benjamin, mwanafunzi aliyetoka Arusha kuelekea Dar es Salaam, alifia njiani. Jina lake likabaki katika barabara na shule. Kwa kizazi hicho mji wa watembeao ulionekana kuwa ni siasa ya Ujamaa iliyotandikwa ardhini. Ingawa, nikiruhusiwa kusema, kutembea siku ya tukio ni jambo moja, na kutembea kila Jumatatu na faili kwapani ni jambo jingine. Sikumbuki kumwona waziri aliyekwenda ofisini kwa miguu.

Na uwanda huu wa kati ulikuwa na historia yake ya miguu kabla ya hao wote. Katika karne ya kumi na tisa misafara iliyokwenda pwani na kurudi bara ilipita Ugogo, ikilipa hongo kwa watemi ili ipate njia na maji. Kabla ya kuingia Ugogo kutoka upande wa Mpwapwa ilibidi kuvuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunywa, ambayo wapagazi waliikata kwa mwendo wa kulazimisha, vibuyu vimejaa. Wapagazi hao, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa watu wa ujira. Walifanya kazi kwa mapatano, na chakula chao cha njiani kiliitwa posho, neno ambalo mtumishi wa leo analipenda kupita kiasi bila kujua limetoka mabegani mwa nani. Hao hawakuhimizwa na mtu watembee. Lakini walijua jambo moja ambalo wapanga miji wengi hulisahau, nalo ni kwamba urefu wa safari ya miguu haupimwi kwa maili peke yake; hupimwa kwa maji, kwa kivuli, na kwa saa ya kuanza. Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910, mizigo ikashuka mabegani, na ujuzi huo ukaanza kupotea.

Watu wengine waliojenga makao makuu mapya hawakupita njia hii. Brasília, iliyofunguliwa mwaka 1960, ilichorwa kwa ajili ya gari, na mtu wa miguu akaonekana kama aliyepotea njia. Malawi ilihamia Lilongwe mwaka 1975, ikaweka ofisi za serikali kwenye kilima kilicho mbali na mji wa zamani, na kati yao majani matupu yaliyochorwa na vijia vya watu waliokosa nauli. Kwa hiyo Dodoma ilikuwa na nafasi ya kuwa kitu cha peke yake, si katika Afrika tu.

Yaliyofuata yanajulikana. Fedha hazikutosha. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ikala akiba, kisha ukaja uhaba wa kila kitu, na ile miaka kumi ikapita wizara nyingi zikiwa bado Dar es Salaam. Barabara ya mabasi peke yake haikujengwa. Lakini mitaa kadhaa ilijengwa, na ofisi chache zikaja, na kwa muda wa miaka mingi Dodoma ikawa, kwa umaskini wake zaidi kuliko kwa mpango wake, mji wa watumishi wanaotembea.

Mimi nilianza kazi hapa mwaka 1986, karani wa masijala katika ofisi moja ya umma. Nilipanga chumba Chang'ombe. Kazi ilianza saa moja na nusu, kwa hiyo saa moja kasorobo tulikuwa tumekwisha kujitosa njiani, kundi zima, walimu, manesi, makarani, mafundi wa reli, kila mtu na viatu vyake vya ofisini ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu vumbi la Dodoma halichagui kiatu. Wenye baiskeli walikuwa mabwana. Baiskeli yenyewe ilikuwa Swala iliyotengenezwa nchini, au Phoenix ya Kichina kwa mwenye bahati. Ofisi yetu ilikuwa na baiskeli mbili za serikali, zenye namba ubavuni, za matarishi wa kupeleka barua, na kitabu cha kuzisaini asubuhi na jioni. Zikipata pancha ilijazwa fomu. Leo nikiwaambia vijana kwamba ofisi ya serikali iliwahi kuwa na bajeti ya tairi za baiskeli wanacheka.

Tulichokuwa nacho na ambacho hatukukijua kuwa ni mali ni kivuli. CDA ilikuwa na vitalu vya miche, na ilipanda kwa bidii na kusimamia kwa ukali. Mwarobaini ndio ulioshinda mashindano, kwa kuwa unavumilia ukame na mbuzi hawaupendi. Mijohoro ikafuata, na mikrismasi inayowaka nyekundu mwezi wa Desemba. Dodoma hupata mvua kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na baada ya hapo ni miezi saba ya upepo wa mashariki na jua. Kutoka kazini ni saa tisa na nusu, wakati jua bado lina hasira. Mtu aliyeweza kutoka ofisini hadi kwake akipita chini ya miarobaini, hata kama ni robo tatu ya njia, alitembea. Aliyekosa alisubiri lifti ya gari la ofisi.

CDA haikupendwa, na sitaki kuisafisha. Ilivunja nyumba za watu, ilizuia mifugo na mazao mahali ambapo Wagogo walilima na kuchunga tangu babu zao, na migogoro yake ya viwanja ilidumu hadi Rais John Magufuli alipoivunja Mei 2017 na kuipa Manispaa kazi zake. Lakini miti mingi ninayopita chini yake leo nikienda sokoni ilipandwa katika zama zake, na tena ilipandwa njiani, si ndani ya uzio.

Hapa inafaa niseme habari za Kondoa, iliyo kaskazini katika mkoa huu huu. Mwaka 1973, mwaka ule ule wa uamuzi wa makao makuu, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, kuponya ardhi iliyokuwa imechimbika makorongo. Walipanda miti, wakajenga matuta. Kisha mwaka 1979 mifugo ipatayo 90,000 iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Wafugaji waliumia, na wengine walihama moja kwa moja. Lakini ardhi iliyoachwa ipumzike ilirudisha majani na vichaka yenyewe, na sehemu kubwa ya miti iliyorudi haikupandwa na mtu. Nimelikumbuka jambo hili mara nyingi nikiwa kwenye vikao vya kamati za mazingira za ofisi, ambavyo mazungumzo yake huishia kwenye idadi ya miche. Nani atazuia mbuzi, nani atamwaga maji mwezi wa Agosti, gari gani haliruhusiwi kuegesha juu ya mizizi, hayo huwekwa kwenye mengineyo.

Tukubaliane pia kwamba kalenda yenyewe hutukwamisha. Siku ya taifa ya kupanda miti ni tarehe 1 Aprili. Kwa pwani, masika yakiwa yanaanza, ni siku njema. Kwa Dodoma ni siku ambayo mvua inafunga mizigo. Mche unaopandwa siku hiyo mbele ya wapiga picha unakabidhiwa jua la miezi minane. Mche wa Dodoma hupandwa mvua za kwanza zikiloanisha udongo, Desemba au Januari, hata kama mgeni rasmi yuko likizo.

Sasa mara ya pili. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali itahamia Dodoma katika kipindi chake, na safari hii ikawa kweli. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihamia kabla mwaka huo haujaisha. Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba, Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alizindua pale Mzakwe kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani. Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Mwishoni mwa mwaka huo ujenzi ukaanza katika Mji wa Serikali, Mtumba. Kila wizara ikapewa shilingi bilioni moja ya kujengea ofisi za awali, na Aprili 2019 mji huo ukazinduliwa. Baadaye yakafuata maghorofa. Jambo lililoshindikana kwa zaidi ya miaka arobaini lilikamilika kwa mwendo uliotushangaza sote, na anayelidharau hilo hakuwahi kuishi katika mji unaoitwa makao makuu kwa jina tu.

Lakini kidole kilikuwa kimewekwa mahali pengine. Mtumba ipo kiasi cha kilomita 17 mashariki ya katikati ya jiji, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro na Dar es Salaam. Ardhi ilikuwepo ya kutosha na ramani ingeweza kunyooshwa bila kuvunja nyumba nyingi. Sababu hizo zinaeleweka. Mpangilio wa ndani ni mzuri, barabara zake ni za lami, na mtu anaweza kutoka wizara moja kwenda nyingine kwa miguu bila shida. Tatizo ni kufika. Mtu mzima hutembea kilomita tano kwa saa. Kilomita 17 ni zaidi ya saa tatu. Kwa baiskeli ya kawaida ni saa moja na zaidi, na hapo msomaji ongeza mambo mawili ambayo hayaonekani kwenye ramani. Anayekaa mjini huenda Mtumba asubuhi akielekea mashariki, jua linalochomoza likimtazama usoni na upepo wa mashariki ukimsukuma kifuani. Na jioni anaporudi magharibi, upepo unakuwa rafiki lakini jua liko machoni tena. Hakuna barua ya kuhimiza mazoezi inayoweza kuligeuza jua.

Matokeo yake ni kwamba mji uliokuwa na sifa ya watumishi wa miguu umekuwa na watumishi wa mikopo ya magari. Simlaumu mtu. Kijana aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam, mwenye mtoto shuleni Area D na ofisi Mtumba, afanye nini? Yapo mabasi ya watumishi katika baadhi ya ofisi, na ni jambo la busara kuliko mabango yote ya mazingira niliyowahi kuyaona, maana basi moja lililojaa huondoa barabarani magari ishirini na zaidi. Lakini mwenye cheo hapandi basi la watumishi. Hapo ndipo tulipo.

Ofisini kwetu, miaka michache kabla sijastaafu mwaka 2024, vijana walileta wazo la siku ya baiskeli na kutembea, Ijumaa moja kila mwezi. Walikuwa wamesikia habari za Kigali, ambako tangu mwaka 2016 barabara kadhaa hufungwa asubuhi ya Jumapili ili watu wakimbie na kuendesha baiskeli. Wazo zuri. Niliwakumbusha tu kwamba hiyo ya Kigali ni Jumapili, kama lilivyokuwa lile katazo letu la zamani, na kwamba siku ya Mungu haina saini ya mahudhurio. Hata hivyo kamati iliundwa, nami nikawa katibu wake kwa sababu ya umri.

Nakumbuka mjadala. Kina mama walisema wazi: mtu afike ofisini amelowa jasho, aoge wapi? Hapakuwa na bafu hata moja katika jengo zima. Mmoja akauliza kama sketi ya ofisi na baiskeli vinapatana. Mwingine akasema, kwa mzaha uliokuwa na ukweli ndani yake, kwamba mkurugenzi akifika getini na baiskeli mlinzi atamwambia zunguka kule kwa wauza mboga. Tukatengeneza chuma cha kuegesha baiskeli kumi, fundi akakipaka rangi ya kijani. Ijumaa ya kwanza walikuja wanane, wanne kati yao wakiwa wameteremshwa na baiskeli zao kutoka kwenye pikapu pale njia panda. Ijumaa ya tatu walikuja wawili.

Chuma hicho hakikukaa bure, lakini. Baiskeli nne zilikuwapo kila siku, na hazikuwa za wanakamati. Zilikuwa za mlinzi, wasafishaji wawili, na kijana wa bustani, wote wakazi wa Ihumwa na vijiji vya jirani. Tulikuwa tumekaa miezi miwili kujadili namna ya kuwapata waendesha baiskeli, nao walikuwa wanatufungulia geti. Siku moja nilisimama na yule mlinzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naona wewe hukosi hata siku moja. Kamati inapaswa kukupa cheti."

Akacheka. "Mzee, hayo ya mazingira mimi nayasikia kwenu. Nauli ya kwenda na kurudi, kila miezi miwili ni mbuzi. Nimeona ninunue mbuzi."

"Na jua?"

"Jua ni langu toka utotoni. Ninachoogopa ni malori. Lori la mizigo likikupita, upepo wake unakutupa mchangani. Mkiweza kutupatia hata kanjia kembamba pembeni, na miti upande mmoja, hata hao wakubwa wenu watakuja."

Niliyaandika maneno hayo kwenye muhtasari wa kikao kama yalivyo, bila kuyapamba, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa Mpango Kabambe wa 1976 kwa lugha ya mtu mmoja: njia ya peke yake, kivuli, na nyumba iliyo karibu na kazi. Kikao kiliazimia mambo mawili. La kwanza, miche ya ofisi isipandwe tena ndani ya uzio, bali nje, kando ya njia inayotoka getini hadi kituo cha daladala, na kila idara ipewe miche yake na zamu yake ya maji kuanzia Mei hadi Novemba. La pili, bafu. Bafu lilijengwa, moja, na bado wanagombania ufunguo. Miche ilikuwa arobaini, ikapandwa Januari. Nilipoondoka ilikuwa imebaki ishirini na saba, ambayo kwa Dodoma si haba, na mingi kati ya hiyo ni ile iliyokuwa katika zamu ya wasafishaji.

Mambo makubwa zaidi yako mikononi mwa watu wengine. Jiji lina mpango wake mpya wa mwaka 2019. Wakala wa Majengo unajenga nyumba za watumishi Nzuguni, ambayo ipo katika njia hiyo hiyo ya Mtumba, na huko kilomita zinapungua hadi kufika zile ambazo baiskeli inaziweza bila mtu kujiona shujaa. Viwanja vimepimwa Ihumwa na Mtumba kwenyewe, na wenzangu wawili wa masijala wamekwisha kujenga huko. Mmoja ameuza gari. Barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112, nayo inapita Mtumba na Ihumwa. Kwa hiyo wenye kalamu bado hawajaiweka chini. Kila nipatapo nafasi ya kukaa na mhandisi au mpangaji wa jiji, namuuliza swali moja tu la kizee: pembeni mwa lami hiyo mmeacha mita ngapi kwa yule wa Phoenix, na miti yake mtaipanda mwezi gani?